Namna ya Kuandika Maisha ya Baba Ambaye Alikuwa Pia Babu

Baba anapofariki, familia hutakiwa kuandaa wasifu wake ndani ya siku chache, tena katika siku ambazo hakuna aliyelala vya kutosha wala mwenye utulivu wa kukaa na kalamu. Mtu mmoja, mara nyingi yule anayesifika kwa mwandiko au aliyesoma zaidi, hukabidhiwa kazi hiyo usiku. Huandika ukurasa mmoja na nusu, ukurasa ule husomwa mbele ya waombolezaji, kisha karatasi hukunjwa na kutiwa katika mkoba ambao haufunguliwi tena. Wasifu huo ni wa lazima, lakini maisha ya mtu aliyelea watoto wake mpaka wakajitegemea, kisha akaanza upya kulea wajukuu, hayawezi kuenea humo. Mwongozo huu unahusu maandishi yote mawili: wasifu mfupi wa siku za msiba, na maelezo marefu ambayo hakuna anayekuomba uyaandike, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yenye kazi kubwa zaidi.

Kabla hujaandika neno la kwanza, amua unamwandikia nani. Ushauri wangu ni umwandikie mjukuu aliye mdogo kuliko wote. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote kilichowapata kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi, na miaka michache inayofuata huwabakia vipande tu. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili aliyezoea kusinzia kifuani mwa babu yake, na aliyemtambua kwa kikohozi chake tu kabla hajamwona, hatabaki na kumbukumbu yoyote iliyo yake mwenyewe. Atakuwa na kile tu mtakachomwachia. Msomaji huyo hapati kitu katika sentensi isemayo kwamba babu alikuwa mtu mwema na mwenye upendo, kwa sababu babu wa kila mtu huelezwa hivyo. Anahitaji kumwona akiingia mlangoni.

Anza na yale yanayopotea upesi

Tarehe ya kuzaliwa itakuwamo kwenye cheti hata mwakani, na jina la mwajiri wake litabaki katika barua za kazi. Kinachotoweka haraka ni mambo ambayo hayakuandikwa popote: namna alivyoliita jina lako alipokuwa amefurahi na alivyoliita alipokuwa amekasirika, neno alilolisema kila alipojikwaa, jinsi alivyozunguka nyumba usiku akishika kila komeo hata kama ameambiwa kwamba milango imefungwa, mahali alipoweka miwani yake na namna alivyoitafuta. Katika siku za mwanzo chukua daftari uyaandike hayo bila mpangilio, jambo moja kwa mstari mmoja, na usijisumbue kuandika vizuri. Waombe ndugu zako wafanye vivyo hivyo kila mtu peke yake, kabla hamjakaa pamoja kusimuliana, kwa kuwa mkishasimuliana kumbukumbu zenu zitaanza kufanana na yale madogo ya kila mmoja yatamezwa na hadithi ya yule mwenye sauti kubwa zaidi.

Jambo la pili la haraka ni sauti yake. Ujumbe wa sauti aliowatumia wanawe na wajukuu, pamoja na video ambazo anasikika akizungumza nyuma ya kamera, unapaswa kunakiliwa nje ya simu mapema iwezekanavyo. Simu huibwa na kuharibika, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Sisi tulichelewa. Simu ya baba ilifutwa kila kitu ili apewe mtoto aliyeihitaji kwa masomo, jambo lililofanywa kwa nia njema kabisa, na miaka mingi ya sauti yake ikaondoka nayo. Kilichobaki ni sekunde 11 ambazo dada yangu alikuwa ameziweka kando, baba akimuuliza kama amefika salama na kama mvua imemnyeshea. Tangu wakati huo, nikisikia mtu amefiwa na mzazi, baada ya pole jambo la kwanza ninalomwomba ni asiruhusu simu ya marehemu iguswe.

Waliomjua kabla yako

Wewe ulimkuta baba yako akiwa mtu mzima tayari. Nusu ya kwanza ya maisha yake imo katika vichwa vya watu wengine, nao ni wazee: kaka na dada zake, rafiki aliyesoma naye, mwenzake wa kazini wa miaka ya mwanzo. Waendee hao kabla ya kuzishughulikia hati, kwa sababu hati zinaweza kusubiri. Wanasaikolojia wanaochunguza kumbukumbu wamegundua kwamba watu wazima, wakiombwa kusimulia maisha yao, hutoa kumbukumbu nyingi zaidi za kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko za miaka mingine mingi. Basi usishangae shangazi anayesahau alichoulizwa asubuhi akikueleza kwa undani siku ambayo baba yako aliondoka nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa na sanduku la kuazima.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko idadi ya maswali. Ukiuliza, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa kwamba alikuwa mpole, mcheshi na mkarimu, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Uliza kuhusu mahali, kitu au siku. Mlikuwa mkilala chumba kimoja? Nani alimfundisha kuendesha baiskeli, na alianguka wapi? Alipopokea mshahara wake wa kwanza alinunua nini, na alimpa nani? Alimwona mama yetu kwa mara ya kwanza wapi, na akasema nini alipokuja kuwasimulia? Ukiwa na picha ya zamani, mpe mzee aishike mkononi kisha unyamaze. Kimya hicho kinaweza kuonekana kirefu, lakini usikijaze kwa swali jingine, maana mara nyingi ndani yake ndimo jina lililosahauliwa hurudi. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu karibu na msemaji, mbali na redio na feni, na mwanzoni mwa rekodi taja tarehe na jina la anayezungumza.

Watu wawili watakusimulia tukio moja kwa namna mbili. Usiwapatanishe kwa nguvu. Kumbukumbu haifunguliwi kama faili lililohifadhiwa mahali pamoja. Kila tunapokumbuka tunalijenga tukio upya, tena kwa vifaa tulivyo navyo wakati huo. Andika kwamba baba mdogo anasema walisafiri usiku kwa lori, na shangazi anasema walikwenda kwa miguu mpaka alfajiri, kisha uziache kauli zote mbili zikiwa na majina ya wasemaji.

Tarehe zinataka hati: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, barua ya ajira, pasipoti, kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, karatasi za pensheni. Hati hizo nazo hugongana. Katika sehemu nyingi za dunia wazazi wa kizazi kilichotangulia hawakusajiliwa walipozaliwa, kwa hiyo tarehe iliwekwa baadaye na karani kwa makadirio, na ndiyo maana wazee wengi wana Januari 1 kama siku yao ya kuzaliwa. Pale ambapo huna uhakika, andika "yapata mwaka" fulani, au utaje tukio ambalo mama yake alilitumia kuhesabu umri wake.

Wasifu wa kusomwa msibani

Wasifu huu uwe mfupi. Maneno 500 hadi 600 yanatosha, na msomaji anayekwenda polepole atayamaliza kwa dakika tano au sita. Utaje jina lake kamili na lile alilojulikana kwalo, wazazi wake, mahali na wakati alipozaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, wajukuu na vitukuu kama wapo, kisha siku aliyofariki. Ugonjwa utajwe kwa sentensi moja tu, na hata hiyo iandikwe baada ya mjane au watoto kukubali, kwa sababu mambo ya mwili wake yalikuwa yake. Kati ya tarehe hizo weka kisa kimoja kidogo, kimoja tu, ambacho kila aliyemjua atakisikia na kusema ndiye huyo. Kuhusu namna ya kumtaja, "marehemu" humaanisha aliyerehemiwa, na "hayati" limetokana na neno lenye maana ya uhai. Yote mawili ni ya heshima, ila ukichagua moja lifuate mpaka mwisho.

Sehemu ya majina ndiyo inayojeruhi watu, na naomba uifanye kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, mtoto wa mke wa kwanza, mtoto aliyelelewa tu na akamwita baba maisha yake yote, mtoto aliyetangulia kufariki, wajukuu walioachwa na mtoto huyo: kila mmoja wao atakuwa amesimama pale akisikiliza, au mama yake atakuwa akisikiliza kwa niaba yake. Mtu aliyerukwa katika orodha ya watoto wa baba yake, mbele ya umati, hulikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu kuliko hotuba zote za siku ile. Mwombe mtu wa upande wa mama na mtu wa upande wa baba waisome orodha kabla haijachapwa, na ikiwa kuna mabishano kuhusu nani atajwe, yamalizeni nyumbani usiku uleule.

Chapa nakala kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14 au 16, na nafasi pana kati ya mistari, maana macho yenye machozi hayasomi herufi ndogo. Msomaji awe na mtu pembeni yake mwenye nakala ya pili, aliyeisoma tayari, ambaye ataendelea kutoka sentensi ileile endapo sauti itakatika.

Baba wa watoto na babu wa wajukuu

Hapa ndipo maelezo marefu yanapopata utajiri wake, na ndipo waandishi wengi hupita haraka mno. Mtu mmoja aliishi mara mbili ndani ya nyumba ileile. Watoto walimjua kijana mwenye haraka, aliyerudi jioni amechoka, aliyehesabu fedha mara mbili kabla ya kuzitoa, na ambaye upendo wake ulionekana katika ada iliyolipwa kwa wakati kuliko katika maneno. Wajukuu walimjua mzee mwenye muda, asiyekasirika kikombe kikivunjika. Wote wanasema kweli. Nimeshuhudia watoto wakikaa kimya kwa uchungu wakati wajukuu wakisimulia jinsi babu alivyokuwa akiwabeba mgongoni, kwa sababu wao hawakubebwa.

Njia iliyonisaidia ni kuandika umri wake pembeni mwa kila tukio. Chora mstari wa maisha yake, weka kuzaliwa kwa kila mtoto na kila mjukuu, kisha hesabu alikuwa na miaka mingapi. Utaona kwamba kifungua mimba alilelewa na kijana wa miaka 24 aliyekuwa bado akijifunza kazi yake, ilhali kitinda mimba alilelewa na mwanamume wa miaka 43 mwenye mvi za kwanza na nyumba iliyokwisha kuezekwa. Ndugu hawa wawili wanapobishana kama baba alikuwa mkali, wanazungumzia watu wawili. Mpe kila mtoto ukurasa wake, amweleze baba aliyemjua yeye, na juu ya ukurasa uandike umri wa baba katika miaka hiyo.

Baba yangu alikuwa na redio ambayo sisi hatukuruhusiwa kuigusa. Hata kuipangusa vumbi alipangusa mwenyewe. Miaka 30 baadaye nilimkuta ameketi sakafuni na mwanangu wa kwanza, redio ileile imefunguliwa tumboni, naye akimpa mtoto bisibisi na kumwonyesha waya wa kipaza sauti ulipo. Siku ile niliona wivu, nami sikusema. Nilipokuja kuviandika visa hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja, kimoja chini ya kingine, ndipo nilipokumbuka kwamba alipotukataza, redio hiyo ilikuwa bado inalipiwa kidogokidogo kila mwezi.

Kwa mfano huo unaweza kuona jinsi ya kuigeuza sifa kuwa tendo. Kila ukikuta neno la sifa katika rasimu yako, jiulize ni nini alichokifanya hata ukaliandika. "Alijitoa kwa familia yake" linaweza kuwa sentensi isemayo kwamba alisaini kila ripoti ya shule kwa kalamu ileile ya wino, na kwamba kabla ya kusaini aliisoma mpaka maoni ya mwalimu wa michezo. "Aliwapenda wajukuu" linaweza kuwa daftari dogo alimoandika siku na saa aliyozaliwa kila mmoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Ukishaandika tendo, lifute neno la sifa. Mara nyingi utagundua kwamba halihitajiki tena.

Wajukuu wenyewe waandike au wachore. Wadogo wakisema, mtu mzima aandike maneno yao kama yalivyo bila kusahihisha, na nyuma ya mchoro aweke jina, umri na tarehe. Unapozungumza nao tumia neno la wazi, kwamba babu amekufa. Mtoto wa miaka minne au mitano mara nyingi bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi, na akiambiwa kuwa babu amelala au amesafiri anaweza kuanza kuogopa usingizi, au kukaa mlangoni akimngoja.

Yale yasiyopendeza

Hakuna baba asiyekuwa na mapungufu, na maelezo yasiyo na kivuli hata kimoja hayaaminiki hata na waliompenda. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kunyamaza kunaruhusiwa, kusema uongo hakuruhusiwi. Kama alikuwa mkali, sema alikuwa mkali, ueleze kwa tukio, na kama aliomba radhi baadaye lieleze na hilo. Jambo linalomgusa mtu aliye hai, kama vile deni, ugomvi wa ndugu au siri ya ndoa, lisiingie bila idhini ya mtu huyo.

Ikiwa una hasira naye ambayo haijatulia, usiimalize ndani ya kitabu cha wajukuu. Iandike kando, kwenye karatasi ambazo hakuna atakayezisoma. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker pamoja na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu matukio yaliyowaumiza, wakieleza kilichotokea pamoja na hisia zao, walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Utafiti wa baadaye umetoa majibu mchanganyiko, hasa kwa waliofiwa, kwa hiyo silitaji zoezi hilo kama dawa. Ninalitaja kwa sababu linaweza kukutenganishia yaliyo yako na yaliyo ya familia, na ukirudi kwenye kitabu mkono huwa mwepesi zaidi.

Picha na nakala

Nyuma ya kila picha, karibu na ukingo, andika kwa penseli laini majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali na mwaka. Kalamu ya wino hupenya na kuacha alama upande wa uso, na utepe wa gundi hugeuka njano na kuichana karatasi. Ziweke mahali pakavu, pasipo joto wala jua. Ukizichanganua kwa skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida, na kwa picha ndogo ya pasipoti weka 600 ili iweze kukuzwa. Kila kitu kiwe na nakala tatu, zikiwa kwenye vifaa vya aina mbili au zaidi, na moja kati yake ikae nyumba nyingine kabisa, kwani moto na mafuriko havichagui.

Maelezo marefu yakikamilika, yachape na kuyafunga kama kitabu chepesi, kisha uwapelekee wote uliowahoji wakiwa bado hai, wazee kwanza. Watakurudishia masahihisho: mwaka uliokosewa, jina la jirani, kisa ambacho hawakukumbuka ulipowauliza na sasa kimewajia kwa sababu wamesoma kisa kingine. Kwa ajili ya hayo, acha kurasa 10 hivi tupu mwishoni mwa kila nakala, na katika ukurasa wa kwanza kati ya hizo andika tarehe uliyomaliza, jina lako, na ombi kwamba kila atakayeongeza jambo aandike pia jina lake na jinsi alivyolijua. Katika nakala yetu, kurasa saba zimekwisha kujaa.